Mafuta ya Kotimiri kwa Supu: Tengeneza Kidogo, Tumia Upesi

Aghalabu supu njema huhitaji jambo dogo tu ili ipendeze machoni na kunukia mezani. Waturuki, kwa mfano, huimwagia supu yao ya mtindi siagi iliyoyeyushwa pamoja na nanaa kavu. Nasi supu yetu ya adesi, ya kuku au ya maboga tunaweza kuipamba kwa matone ya mafuta ya kijani yaliyotengenezwa kwa kotimiri. Kuyatengeneza ni kazi nyepesi. Kuyahifadhi, hata hivyo, kuna hatari ambayo kila familia yapaswa kuijua.

Mahitaji ni majani mabichi ya kotimiri vikombe 2, mafuta ya alizeti au ya zeituni nusu kikombe, na chumvi kidogo.

Osha majani vizuri hadi mchanga wote utoke. Yatumbukize katika maji yanayochemka kwa muda wa sekunde 15, kisha yatoe na kuyatia mara moja katika maji baridi sana. Joto lile huzima vimeng'enya vinavyoharibu rangi ya jani, na ubaridi huzuia majani yasiive. Yakamue kwa kitambaa safi mpaka yakauke, uyasage pamoja na mafuta na chumvi kwa dakika 2, kisha uchuje kwa kitambaa chepesi bila kukamua kwa nguvu. Supu ikishapakuliwa, dondosha kijiko kimoja cha chai katika kila bakuli. Usiyachemshe mafuta haya ndani ya sufuria, kwani rangi na harufu yake vitapotea.

Sasa tuje kwenye uhifadhi. Ramadhani inapokaribia, wengi hupenda kuandaa viungo mapema ili kupunguza kazi ya futari. Yamkini mtu akajaza chupa ya mafuta yenye kotimiri mbichi na punje za kitunguu saumu, akaiweka kabatini itumike mwezi mzima. Jambo hili lisifanywe kabisa.

Katika udongo wamo bakteria wasababishao ugonjwa wa botulizimu. Mbegu zao hushikamana na majani na vitunguu, wala maji yanayochemka hayaziui. Bakteria hawa hustawi pasipo hewa, na mafuta ndiyo yanayoizuia hewa isiyafikie majani. Chupa ikikaa katika joto la kawaida, hutoa sumu inayolegeza misuli, hata ile ya kupumulia. Sumu hiyo yaweza kuwamo bila kubadili rangi, harufu wala ladha ya chakula. Kwa hiyo kuonja si kipimo.

Mwaka 1985, katika mji wa Vancouver nchini Kanada, watu 36 waliugua baada ya kula mkahawani chakula chenye kitunguu saumu kilichohifadhiwa ndani ya mafuta pasipo kuwekwa katika jokofu.

Kanuni basi ni hizi. Mafuta ya majani mabichi au ya kitunguu saumu yawekwe katika jokofu mara tu yanapokuwa tayari, kwenye ubaridi wa nyuzi 4 au chini yake, na yasizidi siku 4. Ukitaka yadumu zaidi, yagandishe katika vijisanduku vya barafu, utoe kimoja kimoja kwa mahitaji ya siku. Umeme ukikatika kwa saa nyingi, yamwage. Nyumba isiyo na jokofu itengeneze ya mlo mmoja tu, na yatakayobaki yasilazwe. Aidha, mwenye kutaka harufu ya kitunguu saumu akikaange siku hiyo hiyo katika supu yenyewe.

Ikitokea mtu akaona vitu viwiliviwili, ulimi ukawa mzito, akashindwa kumeza au viungo vikamlegea, apelekwe hospitali bila kuchelewa, na daktari aelezwe alichokula. Dalili hizi kwa kawaida huanza kati ya saa 12 na 36 baada ya kula, ingawa zaweza kuchelewa kwa siku kadhaa.

Vikombe 2 vya majani na dakika chache za kazi vyatosha kuipamba supu ya familia na ya mgeni aliyealikwa kufuturu. Kazi hiyo na irudiwe kila inapohitajika, kuliko kuweka chupa ya mwezi mzima kabatini.