Toba ya Majilio na Maswali ya Luka

Majilio huanza Dominika iliyo karibu zaidi na sikukuu ya Mtakatifu Andrea, 30 Novemba, na hudumu siku 22 hadi 28, kutegemea Noeli inaangukia siku gani ya juma. Hadi 16 Desemba liturujia hutazama zaidi ujio wa pili wa Kristo; kuanzia tarehe 17 hugeukia Bethlehemu moja kwa moja. Hayo hayana ubishi. Ubishi uliozaa toleo hili ni kama kipindi hicho bado ni cha toba.

Wanaokana wana hoja. Kanuni ya 1250 ya Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 hutaja nyakati za toba kuwa Ijumaa zote za mwaka na Kwaresima, Majilio hayamo. Miongozo ya mwaka wa kiliturujia ya 1969 huyaeleza kama majira ya kungojea kwa ibada na furaha. Mfungo ambao Askofu Perpetuus wa Tours aliuagiza katika karne ya 5, kuanzia sikukuu ya Mtakatifu Martino hadi Noeli, umekwisha zamani katika Kanisa la Kilatini. Kisheria hoja hiyo imesimama. Lakini imewapa watu ruhusa ambayo sheria haikuitoa: wiki nne za mazoezi ya kwaya, sare na michango, kisha foleni ya kitubio mchana wa tarehe 24.

Zambarau bado huvaliwa, Utukufu hauimbwi, na Injili ya Dominika ya pili ni ya Yohana Mbatizaji katika miaka yote mitatu ya masomo. Katika mwaka C, Dominika ya tatu humrudisha kwa Luka 3:10-18, na hapo ndipo penye uzito wote. Makundi matatu yanamwuliza la kufanya. Umati unaambiwa kuwa mwenye kanzu mbili ampe asiye nayo, na mwenye chakula vivyo hivyo. Watoza ushuru wanaambiwa wasitoze zaidi ya kiwango. Askari wanakatazwa kudhulumu na kusingizia watu, tena waridhike na mishahara yao. Hakuna aliyeambiwa aache kazi, hakuna aliyepewa sala ya kukariri, na machozi hayakutajwa. Kila kundi limeguswa mfukoni, kwa kadiri ya kazi yake.

Karatasi za kutafiti dhamiri zinazogawiwa Desemba huuliza sana kuhusu hasira, usengenyaji na Misa zilizokosekana. Ni chache zinazouliza kuhusu mshahara wa msaidizi wa nyumbani, shamba la mjane, au lumbesa anayojaziwa mkulima asiye na pa kwenda kulalamika. Katekisimu, namba 1459, husema wazi kuwa mwizi hudaiwa kurudisha alichoiba: ondoleo la dhambi halifuti deni. Zakayo aliahidi kurudisha mara nne bila kuagizwa na mtu.

Unyenyekevu nao hupimwa hapo. Anayerudisha hulazimika kusimama mbele ya aliyemdhulumu, ambaye mara nyingi ni mdogo wake kwa cheo na kwa kipato. Kupiga magoti mbele ya pango la Noeli ni rahisi zaidi, kwa kuwa pango halidai kitu. Yohana, aliyekuwa na umati mkubwa, alikataa kuitwa Kristo na akajiona hastahili hata kulegeza gidamu za viatu vya huyo Kristo. Wahubiri wanaopenda vyeo virefu wana cha kusoma Desemba hii.

Katika toleo hili, makala kuhusu mfungo wa Kanisa la Kiorthodoksi la Ethiopia, unaoanza Novemba na kuishia Noeli ya 7 Januari, inathibitisha kuwa kufunga na kufurahi havijagombana huko. Ile ya taji la Majilio, lililobuniwa na mchungaji Mlutheri Johann Hinrich Wichern huko Hamburg mwaka 1839, itawafaa makatekista. Inayotetea matumizi makubwa ya Noeli imechapishwa ili ijibiwe.

Maparokia yaongeze maswali ya Luka kwenye karatasi zao na kuzigawa Dominika ya pili. Mwenye deni atabaki na angalau wiki mbili za kulilipa kabla ya tarehe 25.