Daraja la Gitaa na Somo la Momenti

Mpiga gitaa la umeme ambaye chombo chake kina daraja la kubana nyuzi huwa na lalamiko moja lisilokwisha: gitaa halitulii katika sauti. Likipangwa jioni, asubuhi limelegea. Uzi mmoja ukirekebishwa, nyuzi nyingine tano huharibika. Akilipeleka kwa fundi, aghalabu hushauriwa anunue springi mpya, au vigingi vipya, au abadilishe daraja zima. Fedha hutumika na lalamiko hubaki pale pale, kwa kuwa mara nyingi hapakuwa na kipuri kilichoharibika. Kilichokosekana ni msawazo wa momenti, somo ambalo huenda fundi na mteja wake walilijibia mtihani wakiwa sekondari, kisha wakaliacha humo humo darasani. Inafaa kuuliza kwa nini waliliacha.

Daraja linalozungumzwa hapa ni lile la Mmarekani Floyd Rose, aliyepewa hataza yake mwaka 1979. Kabla yake, mwaka 1954, Leo Fender alikuwa amekwisha kutoa gitaa la Stratocaster lenye daraja linaloinama kwa mpini, akaliita daraja la tremolo. Jina hilo ni la makosa, na limeshika kama yashikavyo makosa mengi: katika muziki, tremolo ni kupanda na kushuka kwa ukubwa wa sauti, hali mpini huu hubadili kidatu, yaani ujuu na uchini wa sauti. Kasoro ya daraja la Fender ilikuwa kwamba mpini ukisukumwa kwa nguvu, nyuzi ziliteleza kwenye kiegemeo cha mwanzo wa shingo na kwenye vigingi, wala hazikurudi mahali pake. Rose aliiondoa kasoro hiyo kwa kuzibana nyuzi katika ncha zote mbili, kwenye kiegemeo na kwenye daraja lenyewe. Baadaye ziliongezwa skrubu ndogo za kurekebishia sauti kwenye daraja, maana uzi ukishabanwa, kigingi hakiwezi tena kuupanga.

Sasa zitazamwe kani zenyewe. Daraja zima limeegemea makali mawili, mfano wa visu, yaliyotegwa katika nguzo mbili za chuma. Hilo ndilo egemeo. Juu ya egemeo, nyuzi sita hulivuta daraja kuelekea shingoni. Chini ya egemeo, ndani ya mwili wa gitaa, springi huvuta bonge la chuma lililoungana na daraja, nazo pia huvuta kuelekea shingoni. Kwa kuwa kani moja iko juu ya egemeo na nyingine iko chini yake, kila moja hutaka kulizungusha daraja kinyume cha mwenzake, nalo husimama sambamba na mwili wa gitaa pale tu ambapo hakuna ishindayo.

Mafundi wengi husema kwamba wakati huo springi zinavuta sawasawa na nyuzi. Usemi huo si sahihi, na hapa mwalimu wa fizikia angepaswa kusimama kwa muda. Seti ya nyuzi ambayo uzi wake mwembamba kabisa una kipenyo cha milimita 0.25 huvuta kwa jumla ya nyutoni 455 hivi, karibu na uzito wa mfuko wa saruji wa kilo 50. Springi tatu nyembamba haziwezi kuvuta hivyo. Hazihitaji kufanya hivyo, kwa sababu zimefungwa mbali zaidi na egemeo kuliko nyuzi zilivyo. Kinacholingana ni zao la kani na umbali wake kutoka kwenye egemeo. Mwanafunzi anayelijua jambo hili kama kanuni ya kukariri tu ataandika jibu sahihi katika karatasi, kisha mbele ya gitaa atasema kama fundi.

Hali ni hiyo hiyo katika kubadili nyuzi. Tangu mwaka 1636, Marin Mersenne alipotangaza kanuni zake za nyuzi, inajulikana kwamba idadi ya mitetemo kwa sekunde hufuata kipeuo cha pili cha mkazo na kupungua kadiri uzi unavyokuwa mzito. Kwa usahihi zaidi, hufuata kipeuo cha pili cha mkazo ukigawanywa kwa uzito wa kila mita ya uzi. Kwa hiyo, katika kidatu kile kile na urefu ule ule, mkazo huongezeka kwa kadiri ya mraba wa kipenyo. Mtu akitoa uzi wa milimita 0.23 na kuweka wa milimita 0.25, macho hayaoni tofauti, lakini katika gitaa la urefu wa milimita 648 mkazo wa uzi huo hupanda kutoka nyutoni 58 hadi 72 hivi ili ulie mitetemo 330 kwa sekunde. Seti nzima huongeza takriban nyutoni 80. Springi zikiachwa zilivyo, daraja huinuka nyuma, na mwenye gitaa hulaumu kiwanda.

Jambo gumu zaidi, na ndilo lenye faida kubwa kwa mwanafunzi, ni kwamba sehemu za mtambo huu hazirekebishwi moja moja. Uzi wa kwanza ukikazwa, daraja huinamia mbele kidogo, na zile tano hulegea. Ukikazwa wa pili, wa kwanza hulegea. Asiyejua huona uchawi, au huona ubovu. Anayejua huzunguka nyuzi zote sita tena na tena, na katika kila mzunguko kosa lililobaki huwa dogo kuliko lililotangulia, kama vile kipeuo kinavyotafutwa kwa makadirio ya kufuatana. Maswali ya vitabuni hayamfundishi mwanafunzi jambo hili. Humo huulizwa kani moja isiyojulikana, nyingine zote zimetulia zikisubiri jibu. Mwanafunzi hutoka akiamini kwamba kila hitilafu ina chanzo kimoja na kwamba chanzo hicho hukaa ndani ya kipuri kimoja, na imani hiyo humfuata hadi kwenye pampu, baiskeli na mashine ya kusaga.

Mzunguko huo unaweza kufupishwa kwa kabari. Springi hulegezwa kidogo, kisha kabari ya mbao huingizwa ndani ya mwili wa gitaa, kati ya bonge la daraja na ukuta wa upande wa nyuma, mpaka daraja likae sawa. Nyuzi hupangwa zote hali daraja haliwezi kusogea. Halafu skrubu za springi hukazwa polepole mpaka kabari ilegee na kuanguka yenyewe; wakati huo momenti zimelingana. Kabla ya hapo shingo iwe imenyooshwa ipasavyo na nguzo zimepangwa kimo, na kimo hicho kisibadilishwe nyuzi zikiwa zimekazwa, kwani makali ya egemeo husagika. Skrubu ndogo za daraja ziachwe katikati ya mwendo wake, ndipo kiegemeo cha shingoni kifungwe. Nyuzi zikipanda sauti wakati wa kukifunga, hazikuwa zimelala juu yake. Kipande cha chuma kinachozikandamiza nyuma ya kiegemeo kishushwe.

Baada ya hayo, kama gitaa bado halirudi katika sauti, uchunguzi uwe wa kutenga sababu. Mpini usukumwe chini na kuachwa, sauti ipimwe. Uvutwe juu na kuachwa, ipimwe tena. Ikiwa nyuzi zote hurudi mahali tofauti kwa kutegemea upande daraja lilikotoka, pana msuguano kwenye egemeo: makali yamechakaa, yana kutu, au nguzo zinacheza ndani ya mbao. Katika miji ya pwani kutu hiyo huja upesi, na tone la mafuta ya cherehani pale makali yanapogusana na nguzo ni dawa ya bei nafuu kuliko daraja jipya. Ikiwa ni uzi mmoja tu usiorudi, kosa li kwenye kibano chake, au uzi ni mpya na haujavutwa ukatulia.

Yupo mwalimu atakayesema kwamba gitaa la umeme ni anasa, na kwamba shule isiyo na mizani ya springi haiwezi kununua daraja la Marekani. Hoja ya kwanza ni dhaifu: gitaa la umeme ndiyo sauti ya muziki wa dansi ambao wazazi wa wanafunzi hawa walikua nao. Hoja ya pili ni nzito, ila haizuii kitu. Kipande cha ubao kikiegemezwa kwenye ukingo wa pembe tatu, waya mbili za chuma zifungwe upande wa juu wa egemeo na ukanda wa mpira wa baiskeli upande wa chini, hapo daraja limekwisha patikana. Kazi ya kwanza ya darasa iwe kuzipanga waya zile mbili kwa sauti mbili zilizotajwa, bila kabari, na kuandika kila mzunguko kosa limepungua kwa kiasi gani.

Kazi ya pili ni swali, nalo lijibiwe kwa maandishi kabla ya jaribio: waya moja ikikatwa, ile iliyobaki italia juu zaidi, chini zaidi, au vile vile? Wanafunzi wakishaandika, mwalimu achukue koleo na kuikata. Ubao utavutwa na mpira, waya iliyobaki itakazika, na sauti yake itapanda mbele ya darasa zima.