Zimwi Liingie Darasani, Mchawi Abaki Nje

Kila mwezi wa Oktoba unapokaribia ukingoni, picha za maboga yaliyochongwa macho na meno huanza kuzunguka katika simu za walimu. Pamoja nazo huja shughuli za darasani za Halloween: mizuka ya kupaka rangi, kofia za wachawi za karatasi, meno ya plastiki ya wanyonya damu. Walimu wa shule za awali zinazofundisha kwa Kiingereza hapa Dodoma nao huziona, na wapo wanaotuuliza sisi wapenzi wa lugha kama zinafaa kwa watoto wetu. Wenzangu huwajibu kwa njia mbili. Wa kwanza husema huo ni ushetani, uachwe. Wa pili husema ni mchezo tu, watoto wafurahi. Mimi siliafiki jibu lolote kati ya hayo. Naamini mtoto ana haki ya kuogopa kwa raha. Ila nashikilia kwamba kitisho tunachompa tukichague kwa makini, maana katika uwanda huu wa kati vitisho vingine vina sura za watu.

Tuanze na jina, kama ilivyo desturi yetu. Halloween ni neno lililofupishwa katika Kiingereza cha zamani, na maana yake ni mkesha wa Watakatifu Wote. Huangukia tarehe 31 Oktoba kwa sababu tarehe 1 Novemba ni sikukuu ya Watakatifu hao, na kesho yake Wakatoliki huwaombea marehemu. Waumini wa Dodoma wanazijua siku hizo katika kalenda zao za kanisa. Basi siku yenyewe si ngeni. Kigeni ni mavazi yake. Hata boga lina historia: Waayalandi walikuwa wakichonga mizizi minene ya shambani mwao, na walipohamia Marekani wakakuta maboga, wakayachonga hayo. Kila jamii humtisha mtoto kwa kile ilichonacho. Ugogoni, mwisho wa Oktoba ni wakati wa jua kali na ghala linalopungua, wakulima wakiisubiri mvua ya Desemba. Boga huku ni chakula. Sioni busara ya kulitoboa macho mbele ya watoto.

Boga, hata hivyo, ni jambo dogo. Hoja yangu iko katika vinyago vitatu vinavyoandamana nalo.

Kinyago cha kwanza ni mchawi, ambaye katika michoro hiyo ni bibi kizee mwenye pua ndefu. Mtoto wa London akimchora, hakuna bibi jirani atakayelala kwa hofu usiku ule. Kwetu neno mchawi lina uzito mwingine. Lina hata sheria yake, Sheria ya Uchawi iliyotungwa mwaka 1928 enzi za Waingereza. Katika mikoa kama Shinyanga, Tabora na Mwanza, vikongwe wameuawa kwa kudhaniwa wachawi, na macho yao mekundu yakatajwa kuwa ushahidi, ilhali wekundu ule aghalabu ni wa moshi wa jikoni wa miaka mingi. Mtoto aliyefundishwa kumcheka kizee mwenye kofia nyeusi amefundishwa pia ni nani wa kumshuku.

Kinyago cha pili ni mzuka mweupe. Watoto hupakwa unga usoni, wakaambiwa wametoka kaburini. Sasa fikiri kuhusu darasa ambalo ndani yake yumo mtoto mwenye ualbino. Nchi hii imeshuhudia watu wa namna yake wakiuawa na kukatwa viungo, huku uvumi ukisema kwamba wao hawafi bali hutoweka, kana kwamba si watu kamili. Mwaka 2014 Umoja wa Mataifa ulilazimika kuitangaza tarehe 13 Juni kuwa siku ya kuongeza uelewa juu ya ualbino. Mwalimu anayegeuza weupe wa ngozi kuwa alama ya mzuka anaweza kuwa hana nia mbaya hata chembe, lakini mtoto yule atakuwa amevikwa kinyago asichoweza kukivua.

Kinyago cha tatu ni mnyonya damu, nasi tunalo neno lake: mumiani. Neno hili lina asili ya mbali. Lilitokana na jina la Kiajemi la utomvu mweusi uliotumika kama dawa, kisha katika pwani yetu ikavumishwa kuwa dawa hiyo hutengenezwa kwa damu ya watu, hatimaye mwenye kuitafuta damu hiyo naye akaitwa mumiani. Wakati wa ukoloni uvumi huo ulienea Afrika Mashariki. Nairobi hata wazimamoto walisingiziwa. Tusidhani umekwisha. Tarehe 1 Oktoba 2016, katika kijiji cha Iringa Mvumi, wilayani Chamwino, mwendo mfupi kutoka hapa mjini, watafiti wawili wa kituo cha Selian cha Arusha na dereva wao waliuawa na wanakijiji, na gari lao likachomwa moto. Walikuwa wamekuja kuchukua sampuli za udongo. Waliitwa wanyonya damu, na neno hilo likatosha.

Nikitazama vinyago hivyo vitatu, naona kila kimoja kinamnyooshea mtu kidole: kizee, mwenye ualbino, mgeni. Ndiyo maana nalitetea zimwi.

Zimwi ni ndugu wa maneno mzimu na kuzimu, lakini katika ngano limejitenga nayo likawa kiumbe cha hadithi tupu. Lina mkia, au jicho moja, au mdomo mgongoni, kadiri msimulizi apendavyo. Lina ulafi na ujinga, na mara nyingi hushindwa na mtoto. Hakuna jirani anayefanana nalo. Hakuna aliyewahi kuvamiwa na wanakijiji kwa kudhaniwa zimwi. Wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Nami naongeza kwamba zimwi ulijualo halikufanyi umle mwenzio.

Tena zimwi huja kwa mlango wake maalumu. Msimulizi husema "Paukwa!" na watoto huitikia "Pakawa!" Kwingine huitwa hadithi ije, uongo uje, utamu ukolee. Lisikilizeni neno hilo, uongo. Kabla kitisho hakijaingia, watoto wote wamekwisha kukubaliana kwa sauti moja kwamba kinachokuja ni cha kubuni. Mtoto aliyezoea mlango huo hujifunza kuuliza, anaposikia uvumi wa mumiani: je, hapa paukwa ilitamkwa?

Kwa mwalimu anayetaka kitu cha kufanya darasani, nashauri ile ngano ya msichana aliyetiwa na zimwi ndani ya ngoma. Zimwi huizungusha ngoma vijijini, nayo huimba kwa sauti ya binti, hata lifike kwao na mama aitambue sauti ya mwanawe. Ugogoni, ambako wanawake ndio wapigaji wa muheme, ngano hii imefika nyumbani. Mtoto mmoja ajifiche nyuma ya ngoma na kuimba. Wengine wafumbe macho na kutaja ni nani. Watatetemeka kwanza, kisha watacheka, na watakuwa wamefanya zoezi la kumtambua mwenzao ndani ya kitu cha kutisha. Baadaye kila mmoja achore zimwi lake na kulieleza kwa sentensi tano, akichunga upatanisho: zimwi langu lina kucha ndefu, linakoroma, halijui kuhesabu. Sarufi itaingia bila fimbo.

Wakubwa kidogo watunge ubeti. Huu ni wangu, wa kuwaanzishia:

Zimwi lililo porini, njoo tupate kucheka,
Tukuite kwa mizani, kwa vina vya kupangika,
Sura ya bibi jirani, kamwe usijejivika,
Ngano yetu tamatini, porini rudi haraka.

Najua yupo atakayesema: kwa nini tusiviondoe vitisho vyote, tukabaki na maua na vipepeo? Kwa sababu hofu haimsubiri mwalimu. Mtoto huipata njiani, sokoni, katika mazungumzo ya watu wazima wanaodhani amelala. Tusipompa mahali pa kuichezea na maneno ya kuitajia, atapewa maneno hayo na uvumi, na uvumi hauna tamati wala haurudi porini.

Basi Oktoba hii, mwalimu akikuuliza, usimfukuze wala usimpe kofia nyeusi. Mpe zimwi. Na wewe mshairi unayesoma hapa, nakuomba ubeti wako wa kitoto, wa mizani kumi na sita, usiomtisha jirani yeyote. Tukipata ishirini tutakuwa na kijitabu kidogo cha kuwapelekea walimu wa Dodoma, Bahi na Chamwino kabla mvua hazijaanza.