Mji Mkongwe kwa miguu, kabla ya filimbi



Kombe la Mapinduzi linapochezwa Unguja huvuta mashabiki wengi kutoka Bara, na mechi nyingi za Uwanja wa Amaan huanza jioni au usiku. Mchana wote huishia hotelini, macho kwenye simu. Ni hasara, kwani Mji Mkongwe, ulioingia katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2000, hauko mbali na uwanja.

Pa kuanzia ni soko la Darajani, la mwaka 1904. Jirani yake, Mkunazini, lipo kanisa kuu la Kianglikana. Ujenzi wake ulianza 1873, mwaka ule ule soko la watumwa lilipofungwa, papo hapo penye soko hilo. Si mahali pa kupita na vuvuzela. Mbele zaidi vichochoro hubana hadi watu hupishana kwa mabega. Ramani ya simu hupotea, lakini wazee wa barazani hawachoki kuelekeza, hasa wakiulizwa kwanza matokeo ya jana. Jaws Corner kuna kahawa chungu ya vikombe vidogo na ubishi usiolala wa Simba na Yanga. Njia hutokea Forodhani, penye Ngome Kongwe na Beit el-Ajaib ya 1883, ambayo sehemu yake iliporomoka Desemba 2020.

Jezi haina tatizo, ila mabega na magoti yafunikwe: watu wanaishi humo, na misikiti ni mingi. Kurudi uwanjani kuna daladala.

Msomaji,
Unguja