KABURETA YA KUAZIMA NI UONGO WA SIKU MOJA

Ndugu wanaushirika,

Lori letu limekwama. Wakaguzi walipima moshi wake wakalikataa, na mahindi yetu bado yamo ghalani. Hilo kila mtu analijua. Lakini maneno yanayosemwa kilabuni na kisimani ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu.

Wapo wenzetu wanaosema: "Tuazime kabureta nzima, tuifunge siku ya ukaguzi, tukishapata karatasi tuirudishe na kufunga ile yetu ya zamani." Eti huo ndio ujanja! Jamani, tunamdanganya nani? Mkaguzi atabaki ofisini kwake. Moshi tutarudi nao sisi hapa kijijini.

Tuelewane kwanza moshi mweusi ni kitu gani. Petroli kilo 1 ili iungue vizuri huhitaji hewa karibu kilo 15. Kazi ya kabureta ni kuchanganya hivyo viwili. Yetu boya limetoboka, linazama badala ya kuelea, basi petroli inafurika. Ile isiyoungua vizuri inatoka kwenye ekzosi ikiwa masizi. Huo si moshi tu, ni jasho lako na langu tunalolichoma barabarani. Halafu dereva anaulizwa mafuta yamekwenda wapi, anaitwa mwizi!

Tena kuna hewa ya sumu, kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu. Ukiivuta inashika nafasi ya hewa safi ndani ya damu. Na huko nyuma ya lori anakaa nani? Anakaa utingo, na anakaa mama mjamzito tunapomkimbiza hospitali usiku. Karatasi ya mkaguzi haitawakinga.

Na wale wanaosema "nunua mpya kesho" nao wasikilize. Kununua bila kuchunguza ni kutupa fedha. Eakilina ikiziba au choki ikikwama, moshi utakuwa mweusi hata kabureta ikiwa mpya. Moshi ukiwa wa bluu, hiyo ni oili inaungua, pengine ringi zimekwisha. Hapo kabureta haina kosa.

Lakini yetu imekwisha chunguzwa. Fundi ameisafisha, boya amelilehemu mara mbili, linavuja tena, na mfuniko umepinda. Kuilehemu mara ya tatu ni kumvika maiti viatu.

Basi napendekeza hivi kwa mkutano wa Jumamosi:

1. Inunuliwe kabureta nyingine kwa fedha za mfuko wa matengenezo. Iwe ya saizi ya injini yetu, siyo ya gari jingine.

2. Ikishafungwa, fundi asafishe eakilina, arekebishe pointi na plagi, kisha aiseti injini ikiwa imepata moto, wanakamati wakishuhudia.

3. Kabureta mbovu ikae ofisini, ili isije ikarudi kwenye lori usiku.

4. Risiti ibandikwe hapa hapa ukutani, kila mtu aisome.

Anayepinga asimame mkutanoni aseme, asinong'one kisimani. Lori ni letu sote, na mapafu ni yetu pia. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Ni mimi mwanachama mwenzenu.