Nyundo ya Mpira Imetupwa Wapi?

Imezuka tabia, mijini na hata katika makao makuu ya wilaya, ambayo haina budi kukemewa kabla haijageuka kuwa desturi. Mtumishi wa Serikali anapopatwa na ganzi ya vidole, au mwalimu anapoona chaki inamponyoka kila afikapo katikati ya ubao, neno la kwanza analolisikia kutoka kwa ndugu, kwa jirani, na wakati mwingine kutoka kwa mganga mwenyewe, ni "mashine". Aende mjini akapimwe mishipa ya fahamu kwa mashine. Akope, auze mbuzi, aombe ruhusa ya wiki mbili kazini, lakini apimwe kwa mashine. Wakati huo wote hakuna aliyemshika mkono akamwambia akaze ngumi. Hakuna aliyemwambia avue viatu.

Mashine yenyewe haina kosa. Hupitisha mshtuko mdogo wa umeme katika mshipa wa fahamu, kisha hupima muda uliochukuliwa na ishara hiyo kufika mbele. Katika mkono wa mtu mzima mwenye afya ishara husafiri kiasi cha mita 50 au zaidi kwa sekunde. Ikionekana kuchelewa mahali pamoja, tuseme kwenye kifundo cha mkono, daktari hujua kwamba mshipa umebanwa hapo, na huenda hiyo ndiyo sababu ya chaki kuanguka. Baada ya hapo huchoma sindano nyembamba ndani ya msuli ili ajue kama msuli umekatiwa mawasiliano na mshipa wake au unaugua wenyewe. Hii ni elimu ya kweli, na hospitali kubwa za nchi zinastahili kuwa nayo pamoja na wataalamu wa kuitumia.

Lakini mashine hujibu swali lililoulizwa, na swali huulizwa na mtu. Kipimo cha kawaida cha umeme husoma nyuzi nene za mishipa ya fahamu tu. Nyuzi nyembamba, zile zinazobeba maumivu na joto, hakizisomi. Matokeo yake yanajulikana: mgonjwa ambaye nyayo zinamwaka moto usiku kucha, asiyeweza hata kuvumilia shuka kumgusa vidole, hupewa karatasi iliyoandikwa kwamba mishipa yake ni mizima. Hurudi kazini na karatasi hiyo, na mkuu wake, ambaye hajui chochote kuhusu nyuzi nene wala nyembamba, humwona mtoro anayetafuta likizo ya ugonjwa. Vivyo hivyo, sindano ikichomwa mapema mno, siku chache baada ya mshipa kuumia, huenda isionyeshe dalili ambazo kwa kawaida huchukua wiki mbili au tatu kujitokeza. Asiyejua hayo huondoka na jibu la uongo lililolipiwa fedha nyingi.

Vipimo vya kutangulia viko wapi, basi? Viko katika mfuko wa koti la mganga, au vilipaswa kuwamo. Nyundo ndogo ya mpira hugonga kano iliyo chini ya pia ya goti, na mguu huruka wenyewe. Wajerumani wawili, Erb na Westphal, waliueleza mrukio huo mwaka 1875, kila mmoja kwa upande wake, na hadi leo haujapitwa na wakati. Pamba hupima mguso. Uzi wa nailoni unaopinda kwa uzito wa gramu 10 huonyesha kama unyayo wa mgonjwa wa kisukari bado unahisi, au kama atakanyaga msumari asijue mpaka kidonda kinuke. Tone moja la damu hupima sukari. Nguvu za misuli hupimwa kwa mkono wa mganga dhidi ya mkono wa mgonjwa na kuandikwa kwa tarakimu, 0 kwa msuli usiojitikisa kabisa hadi 5 kwa msuli mzima, ili mganga mwingine atakayempokea mwezi ujao ajue kama hali inapanda au inashuka.

Na kuna kipimo ambacho hakigharimu hata senti, nacho ni kuuliza mgonjwa anakunywa nini na anameza nini. Pombe huharibu mishipa ya fahamu. Dawa ya kifua kikuu iitwayo isoniazidi huweza kuleta ganzi na kuchomachoma miguuni, na ndiyo maana hutolewa pamoja na vitamini B6. Stavudini, iliyookoa maisha ya wagonjwa wengi wa UKIMWI, iliwaunguza wengi wao nyayo, hata Shirika la Afya Duniani likashauri mwaka 2009 kwamba iachwe hatua kwa hatua. Mashine ingeweza kuonyesha kwamba mishipa imeharibika. Isingeweza kusema kwamba mharibifu yumo ndani ya kichupa kilicho mfukoni mwa mgonjwa.

Mfano ulio mkubwa kuliko yote ni ukoma. Tanzania ilifikia mwaka 2006 kiwango cha chini ya mgonjwa mmoja kwa kila watu 10,000, na wapo walioyapokea maneno hayo kana kwamba ukoma umekwisha. Haukwisha. Viini vyake hupenda mishipa ya fahamu: ule unaopita nyuma ya kiwiko, ule unaopita chini kidogo ya goti kwa upande wa nje, na ule ulio nyuma ya kifundo cha mguu kwa ndani. Mganga aliyefundishwa vizuri huipapasa mishipa hiyo kwa vidole na kuhisi uliovimba. Humwambia mgonjwa afumbe macho, kisha humgusa viganja na nyayo kwa ncha ya kalamu ya wino, ndiyo, kalamu hii hii ya kusahihishia madaftari, na kumtaka aonyeshe alipoguswa. Humwambia afumbe macho kwa nguvu, atanue kidole cha mwisho, ainue dole gumba, ainue wayo. Kazi yote haifiki robo saa.

Robo saa hiyo ina thamani gani? Nguvu au hisia ikiwa imepotea kwa muda usiozidi miezi sita, dawa ya prednisoloni ikitolewa kwa utaratibu wake, mara nyingi huweza kuirudisha, yote au sehemu yake. Muda huo ukipita, matumaini hupungua sana. Vidole vitajikunja, mguu utaburuta, jicho lisilofumba litapofuka. Tena ajali hii huweza kumpata mgonjwa akiwa katikati ya matibabu, au hata baada ya kuyamaliza, kwa hiyo kupima mara moja siku ya kwanza hakutoshi. Mganga anayempa mgonjwa huyu barua ya kwenda kusubiri zamu ya mashine katika mji wa mbali, pasipo kumgusa kwa kalamu, anautumia muda wa miezi sita kana kwamba ni mali yake.

Wapo watakaosema kwamba hayo ni mambo ya ukoma peke yake. Na wakumbuke Tarime. Mwaka 1985, wakati wa ukame, watu wa huko walitegemea muhogo mchungu, na kwa njaa wakafupisha siku za kuutayarisha. Sumu iliyobaki ndani yake iliwapooza watu miguu ghafla, na uchunguzi uliochapishwa mwaka 1990 ulieleza habari za wagonjwa 39. Ugonjwa huo huitwa konzo, jina lililotoka Kongo. Mtu angeweza kudhani ni polio. Lakini katika polio mguu hulegea na goti likigongwa halijibu. Katika konzo miguu hukakamaa, hupishana kama mkasi mgonjwa anapotembea, na goti likigongwa huruka kwa nguvu kupita kiasi. Nyundo moja hutenganisha magonjwa hayo mawili, ambayo kinga zake hazifanani hata kidogo: moja hudai chanjo, jingine hudai muhogo uloweke na kuanikwa siku za kutosha. Mashine ya kupima mwendo wa umeme miguuni isingeona kitu kwa mgonjwa wa konzo, kwa sababu madhara yako juu, katika njia zinazotoka kwenye ubongo, wala si katika mishipa ya miguu.

Na polio yenyewe ilifukuzwa nchini kwa njia gani? Mgonjwa wa mwisho wa kirusi cha asili alionekana mwaka 1996, na kazi ya kulinda ushindi huo imetegemea macho ya wananchi. Kila mtoto wa chini ya miaka 15 anayelegea mguu au mkono ghafla hana budi kutolewa taarifa, na choo chake kuchukuliwa mara mbili, kwa kupishana saa 24 au zaidi, ndani ya siku 14 tangu alegee, kisha kipelekwe maabara kikiwa katika baridi. Mwaka 2023 utaratibu huo ulimkamata mkoani Rukwa mtoto aliyepooza kwa kirusi cha polio kilichotokana na chanjo na kuanza kuzunguka miongoni mwa watu. Hapakuwa na mashine kijijini. Palikuwa na mtu aliyeona kwamba mtoto huyu jana alitembea na leo hatembei, na akajua pa kupeleka habari.

Kinachowafanya wasomi wayadharau haya ni kasumba ya kudhani kwamba kitu kisichokuwa na waya wa umeme hakiwezi kuwa cha kitaalamu. Mashine ikinunuliwa hukatwa utepe, na picha hutoka gazetini. Hakuna aliyewahi kukata utepe wa nyundo ya mpira. Kijana aliyehitimu hujiona mdogo akipiga magoti mbele ya mkulima kumgusa nyayo zenye vumbi, hali hajioni mdogo akitia saini karatasi ya kumpeleka mkulima yuyo huyo safari asiyoweza kuilipia.

Lawama haimkalii kijana huyo peke yake. Ofisa anayekaa mezani kupitisha maombi ya vifaa vya zahanati aulizwe ni lini aliona nyundo, uzi wa nailoni na fomu za kupimia hisia katika orodha, na kama hakuviona, kwa nini hakuuliza. Mkufunzi wa chuo cha waganga aulizwe kama mwanafunzi wake alitahiniwa kwa kugonga goti la mtu aliye hai, au kwa kujaza mistari katika karatasi tu. Mkuu wa idara anayepokea karatasi iliyosema "mizima" asifanye haraka ya kumwita mtu mvivu.

Na mwalimu asidhani kwamba mambo haya ni ya zahanati pekee. Yeye huwaona watoto arobaini au themanini kila asubuhi kabla mganga hajafungua mlango. Mtoto aliyeanza kuburuta mguu baada ya likizo, mtoto mwenye baka lisilohisi likichomwa na mwiba, mtoto ambaye kalamu imeanza kumshinda wakati muhula uliopita aliandika vizuri, huyo apelekwe zahanati wiki hiyo hiyo, na mzazi aambiwe amsimamie mganga mpaka mtoto avuliwe viatu na agongwe goti.