Kabla ya kulipa minervali, uliza mtoto atawaona wagonjwa wapi

Kila mwaka matokeo ya EXETAT yakitoka, hapa Kamanyola mambo ni yaleyale. Vijana wanamwagiana poda kichwani, pikipiki zinapiga honi kwenye barabara ya taifa namba 5, na kabla jua halijazama kuna mzazi ameshatangaza kwa majirani: huyu wetu atakuwa docta. Wiki mbili baadaye furaha imepoa na hesabu zimeanza. Ataenda wapi, na pesa zitatoka wapi?

Njia zinazotajwa uwanjani kwetu si nyingi. Kuna fakulte za udaktari za Bukavu: Université Officielle, Université Catholique na Université Évangélique en Afrique. Kuna ISTM kwa wanaotaka uuguzi, ukunga au maabara. Kuna wanaovuka Ruzizi kwenda kusoma Burundi au Rwanda. Na siku hizi kuna njia nyingine inayovutia kwa sababu ni fupi na bei yake ni nafuu: mafunzo ya miezi michache ya dawa za asili, naturopati, masaji au sindano za Kichina. Mwishoni mtu anapewa karatasi yenye muhuri, na mara nyingine koti jeupe juu yake.

Wazazi wengi wakifika mbele ya mtu wa kuandikisha wanauliza mambo mawili tu: bei gani, na miaka mingapi. Naelewa. Aliyeuza ng'ombe au shamba la mpunga lazima ajue bei. Lakini kwa maoni yangu swali la kwanza lingekuwa hili: mtoto wangu atakutana na wagonjwa wapi, chini ya uangalizi wa nani? La pili: karatasi yake itatambuliwa na nani? Shule isiyoweza kujibu hayo mawili papo hapo, hata ikiwa na jengo la ghorofa, mimi nisingeipa hata franka moja.

Tuanze mbali kidogo, kwa sababu uchaguzi wenyewe unaanza mapema kuliko tunavyofikiri. Katika mpango wetu wa masomo mtoto anamaliza miaka 8 ya elimu ya msingi, ndipo anachagua seksio ya miaka 4 ya humanités. Kwa kawaida ana miaka kama 14. Anayeota udaktari halafu anapelekwa seksio ya biashara kwa sababu ndiyo iliyo karibu na nyumba, ameongezewa mlima. Akishapata diploma ya serikali anaweza kujaribu, ndiyo, lakini atakaa darasani na waliosoma kemia na biolojia miaka minne, na mwaka wa kwanza wa udaktari haumsubiri mtu. Kwa hiyo mazungumzo haya yafanyike mtoto akiwa darasa la nane, badala ya kungoja siku ya poda.

Halafu kuna mchanganyiko wa majina. ITM ni shule ya ngazi ya sekondari. Anayemaliza ni muuguzi wa A2. ISTM ni chuo cha juu, na mlango wake unafunguliwa na diploma ya serikali. Mfumo wa LMD ulipoanza kutumika nchini mwaka wa masomo 2021-2022, graduat ilianza kuondoka na licence ikawa miaka mitatu, basi jirani anayekwambia bado "A1" anazungumzia utaratibu wa kaka yake mkubwa. Tena ndani ya ISTM si wote wanafunzwa kutibu. Kuna idara ya usimamizi wa taasisi za afya, yaani hesabu, wafanyakazi na dawa ghalani. Ni kazi nzuri na hospitali zetu zinaihitaji sana. Shida ni kijiji: kinasikia tu "ISTM" na kesho kinamletea kijana huyo mtoto mwenye homa achome sindano. Wengine wanaichoma.

Mfano wa mtu aliyechagua vizuri hauko mbali. Daktari Denis Mukwege, ambaye dunia ilimpa Nobel ya amani mwaka 2018, hakuanza na udaktari. Alianza kwa kusomea uhandisi Kinshasa miaka miwili. Mwaka 1976 akaingia fakulte ya udaktari Bujumbura, ng'ambo tu ya mpaka wetu, na alimaliza 1983. Alikuwa na nia ya kuwatibu watoto. Ndipo akaja kufanya kazi Lemera, hapo juu milimani katika teritwari ya Uvira, na akaona wanawake wanaoletwa wakiwa wamechoka, wengine wakifa kwa uzazi. Wagonjwa ndio waliomgeuza: akaenda Angers, Ufaransa, kusomea magonjwa ya wanawake na uzazi. Hospitali ya Panzi, iliyoanzishwa 1999, imetokana na kile alichokiona kitandani, na hakuna kijitabu cha kozi ambacho kingemwonyesha.

Ndiyo maana nasisitiza staji. Uliza jina la hospitali, uliza mwanafunzi anaingia mwaka wa ngapi, halafu nenda hospitali hiyo uwaulize wauguzi wa zamu kama wanawajua wanafunzi wa shule ile. Jibu lao litakufundisha kuliko tangazo lolote la redio.

Juu ya karatasi, mambo ni makavu lakini yanauma. Chuo cha watu binafsi lazima kiwe na kibali cha wizara, na diploma zake zipitishwe na wizara. Bila hivyo ni picha ya kutundika ukutani. Muuguzi anaandikishwa kwenye Ordre des infirmiers, iliyoundwa kwa sheria ya Julai 2016, na daktari kwenye Ordre des médecins, iliyoko tangu 1968. Aliyesomea ng'ambo anaomba ulinganifu wa diploma yake. Tangu Bukavu ilipoingia mikononi mwa AFC/M23 Februari 2025, benki zikafungwa na barabara ya kwetu ikawa ya wasiwasi, hatua hizi zimekuwa nzito zaidi, na wajanja wanalitumia hilo. Wanasema: lipa sasa, karatasi zitafuata vita vikiisha. Usilipe kwa ahadi ya namna hiyo.

Na dawa za asili? Hapa najua baadhi ya wasomaji watanuna. Mimi sizidharau hata kidogo. Kwinini iliyowaokoa babu zetu ilitoka kwenye maganda ya mti wa kinkina, na Pharmakina ya Bukavu imeitengeneza miaka mingi kutokana na miti ya milima yetu. Dawa ya malaria tunayomeza leo ina artemisinini, iliyopatikana katika mmea wa artemisia. Kazi hiyo ilimpa Mchina Tu Youyou Nobel ya tiba mwaka 2015. Lakini tazama njia iliyopitwa: watu walipima, wakajua kipimo, wakajua kinachoua. Chai ya artemisia yenyewe, OMS ilisema mwaka 2019 kwamba haiipendekezi kwa malaria, kwa sababu kiasi cha dawa ndani ya kikombe hakijulikani.

Mzee anayejua majani katika uwanda wa Ruzizi hakujifunza kwa miezi mitatu. Alimfuata baba yake porini miaka na miaka, na anajua ugonjwa usiomhusu. Huyo namheshimu. Ninayemwogopa ni kijana wa kozi fupi aliyejiita docta, ambaye hakufundishwa siku ya kusema "huyu mpelekeni hospitali." Kipindupindu hakitoki Uvira na pwani ya ziwa, kila mara kinarudi. Mwenye kipindupindu anaweza kukauka na kufa ndani ya saa chache. Anahitaji maji ya chumvi na sukari na seramu, sasa hivi. Akikawia kwenye chupa ya majani, kozi ya dola chache imegharimu maisha ya mtu.

Anayependa dawa za asili, ushauri wangu ni huu: asome kwanza uuguzi, maabara au famasia, kisha aongeze ujuzi wa mimea juu yake. Kituo cha utafiti cha Lwiro, kule Kabare, kimekusanya mimea ya nchi hii tangu enzi za wakoloni. Kazi ya kuichunguza ipo na mikono ni michache. Naye anayekuja kukuandikisha kozi ya miezi sita, mwombe jambo moja tu, kwa adabu: akuonyeshe mwanafunzi wake wa mwaka juzi, na kituo cha afya ambacho kimempokea kazini.